Sauti ya Ramona Ilivyoingia Kwenye Nta

Shika santuri ya Victor, kampuni ya Marekani, nambari 21334, uilaze chini ya taa mwanga uje kwa ubavu. Lebo ni nyeusi, maandishi ya dhahabu, nakshi za kujisokota pembezoni, na yule mbwa anasikiliza baragumu la gramafoni. Kati ya mwisho wa mfereji, ule mstari unaopitiwa na sindano, na lebo kuna ukingo mtupu, mwembamba, na humo zimegongwa herufi mbili ndani ya kiduara kilichobonyea: VE. Mwenye haraka hazioni. Lakini hizo ndizo zinazoeleza kwa nini mwimbaji Gene Austin aliweza kuimba "Ramona" mwaka 1928 kama mtu anayemnong'oneza mpenzi wake sikioni, na kwa nini miaka minne kabla ya hapo wimbo huohuo ungebidi uimbwe kwa kupaza sauti, kama mnadi anavyonadi samaki pwani.

VE ni alama ya kurekodi kwa umeme. Kabla ya 1925 mwimbaji alisimama mbele ya baragumu pana, na nguvu ya pumzi yake yenyewe ilitikisa kiwambo, kiwambo kikasukuma kisu, kisu kikachonga mfereji kwenye sahani ya nta, ambayo baadaye ilizaa santuri. Umeme haukuwamo popote. Yote yalitoka kifuani. Besi ya nyuzi haikusikika, kwa hiyo tuba ikakalishwa mahali pake. Fidla ya kawaida ilipotea, ikaletwa fidla ya ajabu yenye baragumu dogo la chuma badala ya tumbo la mbao. Wanamuziki walibanana mbele ya lile baragumu kubwa bega kwa bega, na mwimbaji akifika kwenye noti ya juu alilazimika kurudi nyuma hatua moja ili kisu kisiruke. Kilichonaswa kilikuwa kati ya takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 250 na 2,500, yaani katikati tu ya muziki, kama samaki aliyekatwa kichwa na mkia.

Mfumo wa umeme wa kampuni ya Western Electric, uliobuniwa na wahandisi Joseph Maxfield na Henry Harrison, ulikodishwa kwa Victor na mshindani wake Columbia mwanzoni mwa 1925. Maikrofoni ya kondensa, kazi ya E. C. Wente, ikachukua nafasi ya baragumu. Amplifaya ya valvu ikakuza ule umeme dhaifu. Na kisu sasa kikasukumwa na sumaku badala ya mapafu ya mtu. Masafa yakapanuka hadi karibu hezi 100 kwa chini na 5,000 kwa juu. Anayeidharau hiyo 5,000 kwa sababu simu yake inapiga hadi 20,000 akumbuke sauti ya mwanadamu inakaa wapi. Karibu yote imo humo, isipokuwa herufi ya s na wenzake wa mluzi, ambao nguvu yao kubwa iko juu zaidi. Ndiyo maana katika santuri za miaka hiyo maneno yenye s nyingi yanasikika kama yamefungwa kitambaa.

Sasa litazame jina lenyewe: Ra-mo-na. Silabi tatu, kila moja inaishia kwa vokali iliyo wazi, kama neno la Kiswahili. Hakuna s, hakuna t ya kukata, hakuna konsonanti mwishoni ya kumeza pumzi. Kwa maikrofoni ya 1928 jina hilo ni zawadi, na kwa maoni yangu hiyo ni sehemu kubwa ya bahati ya wimbo huu kwenye santuri, kuliko hata maneno yake ya kengele za misheni na maporomoko ya maji.

Muziki ni wa Mabel Wayne, maneno ni ya L. Wolfe Gilbert. Wayne alikuwa ameshaonyesha mwaka 1926 kwamba anajua kutunga walzi, dansi ya mapigo matatu, yenye harufu ya Uhispania, na kampuni ya filamu ya United Artists walihitaji wimbo wa aina hiyohiyo. Walikuwa wakiandaa filamu ya "Ramona", mwongozaji Edwin Carewe, waigizaji wakuu Dolores del Río na Warner Baxter, hadithi ikitoka kwenye riwaya ya Helen Hunt Jackson ya mwaka 1884. Filamu haikuwa na mazungumzo ya kusikika. Wimbo ulitungwa kuitangaza, na hapa ndipo mpangilio wa kawaida ulipopinduka: watu waliujua wimbo kabla hawajaiona filamu. Santuri ya kwanza kubwa ilikuwa imeshachongwa Januari 1928. Filamu ilifika kwenye majumba ya sinema majira ya kuchipua.

Santuri hiyo ya Januari ni ya Paul Whiteman na okestra yake, Victor 21214. Ilirekodiwa Liederkranz Hall, New York, ukumbi wa chama cha waimbaji wa Kijerumani. Victor walikuwa wakirekodi pia kwenye kanisa la zamani walilolinunua huko Camden, New Jersey. Maikrofoni ndiyo iliyowapeleka kwenye majengo hayo. Baragumu lilitaka chumba kidogo chenye kuta karibu. Maikrofoni ilitaka dari ya juu na sakafu ya mbao, ili sauti ipate mahali pa kutandaza mbawa kabla ya kufika kwake. Katika 21214 utasikia fidla zimekaa ndani ya hewa, na mwangwi mfupi unabaki kila kifungu kinapokoma. Mwangwi huo ni wa ukumbi wenyewe. Hakuna mtambo uliouongeza.

Okestra ya Whiteman ilikuwa na watu wengi mno kwa maikrofoni moja, na hakukuwa na meza ya kuchanganyia sauti kama ya leo. Mizani ilipatikana kwa viti. Tarumbeta na trombo walisogezwa nyuma, fidla wakaja mbele, mwimbaji (hapa ni Austin Young) alisogea karibu zamu yake ilipofika, akarudi ilipokwisha. Kiti kikisogezwa nusu mita tu, ala inapotea au inafunika wenzake, na hilo halirekebishiki baadaye. Majaribio yalifanywa kabla ya nta kuwekwa, fundi akisikiliza kwenye spika chumba cha pili na kutoa maagizo: fulani nyuma, fulani geuka kidogo. Wapenzi wa jazi wanaitafuta santuri hii kwa sababu ya upande wake wa pili, "Lonely Melody", anapopiga mpiga koneti Bix Beiderbecke, na wengi wao hawajawahi kuigeuza. Wanakosa. Upande wa "Ramona" ni somo zima la kupanga okestra mbele ya maikrofoni moja.

Austin alirekodi ya kwake miezi michache tu baadaye, kwa kampuni ileile na kwa mfumo uleule. Ukizipiga mbili hizo moja baada ya nyingine utadhani zimetengana miaka kumi. Whiteman ameirekodi walzi ya kuchezwa ukumbini, na mwimbaji ni ala mojawapo kati ya nyingi. Kwa Austin, okestra imerudi nyuma ya pazia, na mtu mmoja amesimama karibu nawe. Halazimishi noti. Vokali ya katikati, ile "mo", anaivuta kwa pumzi ndogo inayopungua polepole, na unasikia pale inapokaribia kwisha. Baragumu lisingeinasa hata robo ya pumzi hiyo. Tayari mwaka 1927 alikuwa ameuza santuri nyingi sana za "My Blue Heaven" kwa uimbaji wa namna hiyo, na "Ramona" yake inahesabiwa miongoni mwa zilizopita nakala milioni. Upande wa pili ni "Girl of My Dreams", walzi nyingine, kwa hiyo aliyenunua 21334 alipata mapenzi pande zote mbili.

Kazi ya nta inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndiko makosa mengi yalikozaliwa. Nta ilikuwa sahani nene, karibu inchi moja, iliyosuguliwa hadi ing'ae kama kioo. Iliwekwa kwenye kabati lenye joto kabla ya kutumika. Ikiwa baridi, kisu kinakwaruza na santuri inazaliwa na mchakacho. Ikiwa na moto kupita kiasi, kingo za mfereji zinalegea na sauti nyembamba zinafifia. Meza iliyozungusha nta haikuendeshwa na mota. Iliendeshwa na jiwe zito linaloshuka taratibu, kama saa ya ukutani ya zamani, kwa sababu jiwe halitetemi na halina mngurumo wa umeme. Kisu kilipokata kilitoa uzi mwembamba wa nta, na bomba lilikaa karibu kuunyonya. Uzi ukijikunja chini ya kisu, kazi imekwisha.

Mifereji ilikuwa karibu 100 katika kila inchi moja, na hapo kulikuwa na kikomo kingine. Sauti nzito husukuma kisu kwenda ubavuni mbali kuliko sauti nyembamba. Tuba ikipuliza kwa nguvu, mfereji unapindapinda hadi unabomoa ukuta wa jirani yake, na sindano nyumbani kwa mnunuzi itaruka. Kwa hiyo mashine ilipunguza besi kwa makusudi chini ya takriban hezi 200 hadi 250. Likumbuke hilo, litarudi tutakapofika kwenye kusikiliza.

Santuri ya inchi 10 ilibeba dakika 3 na sekunde chache. Mtu akikohoa dakika ya pili na nusu, wote wanaanza upya kwenye nta mpya. Hakukuwa na kukata na kuunga. Na kubwa zaidi: nta iliyokusudiwa kiwandani haikuweza kusikilizwa, kwa kuwa sindano ya kusikilizia ingeiharibu. Wanamuziki waliotaka kujisikia siku hiyohiyo ilibidi watoe sadaka nta moja. La sivyo waliondoka bila kujua wametoka vipi, wakasubiri santuri za majaribio.

Kutoka hapo nta ilipakwa unga unaopitisha umeme, ikatumbukizwa kwenye tangi la kuchovya shaba. Ngozi ya shaba iliyobanduliwa iliitwa baba. Baba akachovywa akazaa mama, mama akazaa sahani za kugongea, na sahani hizo ndizo zilizokandamiza santuri zenyewe. Sahani ya kugongea huchakaa. Mama akitunzwa, zinatolewa nyingine. Ndiyo sababu nakala mbili za 21334 zinaweza kutofautiana ukali wa sauti ingawa zimetoka kwenye nta moja: moja imekandamizwa na sahani mpya, nyingine na iliyochoka. Katika daftari za Victor kila wimbo ulipewa namba yenye herufi BVE mbele yake: B ni inchi 10, VE ni umeme, ya inchi 12 ilianza na CVE. Mwisho wa namba kulikuwa na tarakimu ya jaribio, la 1, la 2, la 3, na hiyo ndiyo anayoitafuta mkusanyaji kwenye ukingo mtupu, kwa sababu kuna nyimbo ambazo majaribio mawili tofauti yaliuzwa chini ya nambari ileile ya lebo.

Usiku wa 29 Machi 1928, kampuni ya magari ya Dodge ililipia kipindi cha redio kutoka kwa nyota wa United Artists huko Hollywood, kikapelekwa pia kwenye spika za majumba ya sinema. Chaplin alikuwepo, Douglas Fairbanks alikuwepo, na Dolores del Río aliimba "Ramona". Okestra iliyoshiriki kipindi ni ya Whiteman, ikiwa New York. Kuna kumbi ambako watazamaji walizomea wakitaka filamu yao, na uvumi ukaenea kwamba sauti zile si za nyota wenyewe. Del Río aliurekodi wimbo huu kwa Victor pia. Hana pumzi ya Austin, lakini ndiye aliyeigiza Ramona, na lafudhi yake ya Kimeksiko inalirudishia jina r yake inayotetemeka.

Mwaka huohuo wa 1928, Siti binti Saad na wenzake waliondoka Unguja kwa meli kwenda Bombay kurekodi kwa HMV, lebo ya Gramophone Company ya Uingereza. Mbwa wa kwenye lebo zao ndiye yuleyule wa kwenye lebo ya Austin: Victor walikuwa wamenunua zaidi ya nusu ya hisa za Gramophone Company mwaka 1920, na kampuni hizo mbili ziligawana dunia, moja ikishika Amerika, nyingine Uingereza, India na kwingineko, zikibadilishana sahani za kugongea. Kwa hiyo sauti ya kwanza kubwa ya Kiswahili kwenye santuri na mnong'ono wa "Ramona" ni watoto wa nyumba moja na mwaka mmoja. Na hata udongo wao ni mmoja. Santuri ilifinyangwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu wa India, ndugu wa lakiri ya kufungia barua, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Unga wa mawe uliwekwa kwa kukusudia, ili uisage sindano ya chuma mpaka itoshee mferejini. Ndiyo maana ilikuwa sindano mpya kila upande. Asiyebadilisha alikuwa anachonga santuri yake upya.

Mwenye santuri za aina hii nyumbani, ziwe za Austin au za taarab, asizipige kwa sindano ya santuri za plastiki. Mfereji wa 78, yaani santuri hizi zinazozunguka mara 78 hivi kwa dakika, ni mpana mara tatu hivi. Sindano ya kawaida yenye ncha ya sehemu 1 ya elfu ya inchi au pungufu inazama hadi chini kabisa, mahali palipojaa vumbi la chuma la miaka 90, na unachosikia ni mchakacho wa sakafu ya mfereji. Inatakiwa ncha ya sehemu 3 za elfu za inchi, yaani mikroni 76 hivi, inayokaa katikati ya kuta. Uzito wa gramu 3 hadi 5 unatosha. Ukutani kukiwa kumechakaa kwa sababu ya gramafoni nzito, jaribu ncha pana au nyembamba kidogo ili iguse mahali ambapo chuma hakikupita.

Kuosha: maji yaliyochemshwa na kupozwa, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kufuata mfereji, lebo isiloe. Spiriti kamwe. Spiriti huyeyusha shelaki, na santuri iliyopakwa spiriti hairudi tena. Ukimaliza, ikaushe ikiwa imesimama, mbali na jua la dirishani, kwa kuwa shelaki ikipata joto inajikunja kama chapati.

Kasi nayo. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, kikaratasi cha kupimia kasi, kinacholazwa juu ya santuri, kinachofaa kina mistari 77, na kikionekana kimesimama chini ya taa basi santuri inazunguka mara 77.92 kwa dakika. Cha Marekani kina mistari 92 kwa umeme wa 60, nacho kinatoa 78.26. Tofauti hiyo sikio halitaihisi. Tumia balbu ya zamani au ya neoni. Taa nyingi za LED hazipepesi sawasawa na zitakudanganya. Kasi ikizidi kwa mizunguko 4 na nusu, wimbo mzima umehama nusu toni, na sauti ya Austin, ambayo tayari ni nyembamba, inageuka ya kitoto. Nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni zina kosa hili. Anayemiliki mashine isiyo na 78 anaweza kuipiga kwa 45, akairekodi kwenye kompyuta, kisha akaongeza kasi mara 1.739.

Sasa ile besi iliyopunguzwa. Amplifaya za leo zinarekebisha kwa kanuni ya RIAA, iliyokuja miaka ya 1950, ambayo inapandisha besi na pia inakata sauti nyembamba kuanzia karibu hezi 2,100. Nta ya 1928 haikuongezwa sauti nyembamba wakati wa kuchonga, kwa hiyo ukiipitisha kwenye RIAA unakata kitu ambacho hakikuzidishwa. Matokeo ni ule uziwi ambao watu huuita "sauti ya zamani". Si sauti ya zamani, ni kosa la mashine mpya. Mwenye kompyuta arekodi bila RIAA, apandishe besi kuanzia hezi 200 au 250 kwenda chini, asikate kitu juu hadi afike 5,000 au 6,000, na hapo akate, kwani zaidi ya hapo kuna mchakacho peke yake. Na asifute mchakacho wote. Programu za kusafisha zikizidishwa humeza pumzi ya mwimbaji pamoja na kelele, na kwa Austin pumzi ndiyo wimbo.

Huko Ulaya wimbo ulishika haraka. Saint-Granier aliandika maneno ya Kifaransa mwaka huohuo, Fred Gouin akayarekodi. Mwaka 1960 ndugu wawili waliozaliwa Batavia (leo Jakarta), Ruud na Riem de Wolff, wakijiita The Blue Diamonds, waliutoa Uholanzi kwa magitaa ya umeme na mapigo manne badala ya matatu. Nakala zaidi ya 250,000 ziliuzwa nchini humo. Ni furaha kuusikiliza, lakini walzi imetoka, na ikitoka walzi ile "mo" ndefu haina tena mahali pa kupumulia.

Filamu yenyewe ilidhaniwa imepotea. Nakala ikapatikana kwenye hifadhi ya filamu ya Prague, ikiwa na maandishi ya Kicheki kwenye picha, ikafanyiwa kazi na Maktaba ya Bunge la Marekani, ikaonyeshwa tena Los Angeles mwaka 2014. Nakala hiyo ni ya kimya. Del Río anafungua kinywa na hakuna kitu, mpaka wanamuziki waliokaa chini ya pazia, kama walivyokaa wenzao kwenye kumbi zisizo na spika mwaka 1928, wapige.